Kuukuu si Kale

Mimi ndiye Firmin, mwenye daftari na kalamu ya risasi.
Kila Aprili hukalishwa kwenye meza hii, Geraardsbergen,
chini ya turubai linalovuja upande wa kulia,
niseme baiskeli ipi ni ya kale
na ipi ni kuukuu tu, irudi nyumbani.

Kanuni nimezikariri kama sala:
vishikio vya gia viwe kwenye bomba la chini la fremu,
abadiliye gia ainame, aache usukani kwa mkono mmoja;
nyaya za breki ziruke hewani,
zisijifiche ndani ya utepe kama mwizi;
pedali ziwe na mikanda ya ngozi ya kufungia mguu.
Halafu mwaka. Mwisho themanini na saba.
Ya themanini na nane, hata iwe inadondoka kutu,
ni kijana, haingii.

Nani aliuchagua mwaka huo? Sijui.
Nadhani ni mtu aliyekuwa na baiskeli ya themanini na saba.

Saa mbili akaja Diederik, yake kaibeba begani
kama bibi harusi asiyetakiwa kukanyaga tope.
Ya hamsini na tatu. Rangi ya divai,
mistari ya dhahabu myembamba kama unywele.
Mipira ya breki bado ina nembo, haijawahi kusimamisha kitu.
Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia, natafuta mkwaruzo,
mmoja tu, niipe heshima yake.
Hakuna.
Miaka sabini inasubiri kuwa baiskeli.
Nikaandika: imekubaliwa.

Kisha Annelore, binti Gustaaf wa kiwanda cha viberiti,
akiisukuma ile ya babake. Niliijua kabla sijamjua yeye,
kwa mlio: cheni hukohoa mara moja kila mzunguko.
Gia, sawa. Nyaya, sawa. Mikanda, mmoja wa pedali,
wa pili wa saa ya mkononi. Nikanyamaza; ngozi ni ngozi.
Fremu imepakwa rangi ya mlango wa jikoni.
Tandiko limebonyea kulia kuliko kushoto,
maana mguu mmoja wa Gustaaf ulikuwa mfupi.
Lakini nyuma, juu ya keria, kiti cha mtoto:
vyuma vya kitanda alivyovichomelea mwenyewe,
na ubao uliochorwa kwa msumari, 1991.

"Kitoe," nikasema, "nitakuandika."
Nikampa spana namba kumi na tatu.
Akachuchumaa topeni. Bolti haikusogea.
Akaegemea kwa uzito wote. Haikusogea.
Nikainuka, na mgongo wangu huu, nikashika naye,
watu wazima wawili twagombana na bolti moja,
foleni nyuma yetu inakula vikate vya maziwa mgando
na kutoa ushauri.
Kutu ilikwisha kufungisha ndoa, nati na fremu,
na talaka haitoi.

"Nilikaa hapa," akasema, wala si kwangu hasa,
"nimemshika mkanda wa suruali. Tukipanda kilima
nilisikia hesabu, moja, moja, moja.
Nilidhani ni baiskeli inayohesabu."

Wasemao ya kale ni dhahabu
hawajayasukuma juu ya mawe yenye mvua.
Kuukuu ni kitu kilicholiwa na wakati, hilo nalijua,
nina magoti mawili ya ushahidi.
Na cha kale? Labda wakati ulikila
ukamkuta mtu ndani, ukatema.
Nilitaka kuandika hivyo.
Safu ya mwaka ni nyembamba, yataka tarakimu nne.

Nikaiacha wazi.
Namba iliyokuwa juu ya rundo ilikuwa themanini na nane.
Nikampa hiyo, hatukutazamana.

Akaondoka na kiti kile kitupu, kinajaa mvua taratibu.
Diederik bado alikuwa anaomba kitambaa kikavu.
Spana ilibaki mkononi mwangu.
Nikamsikia mpaka kona ya kanisa, kikohozi, kisha kimya,
kikohozi,
nikajikuta nahesabu.